Kishikwambi Kipi Ninunue? Jibu kwa Wanaouliza Kila Wiki

Swali ni lile lile, wanaobadilika ni waulizaji. Leo ni mwalimu wa sekondari, kesho dereva wa watalii anayesubiri msimu uanze, keshokutwa mama mwenye duka pale kituoni Kwa Mrombo ambaye mwanawe anaingia kidato cha kwanza. "Kaka, kishikwambi kipi kizuri?" Na kila nikitaja kimoja, linafuata la pili: kwa nini hicho, wakati kuna kingine chenye namba kubwa zaidi kwa bei ndogo zaidi?

Jibu nalitoa mapema ili mwenye haraka asihangaike. Kwa mtu wa kawaida, mwenye bajeti ya kati, anayetaka kusoma, kuandika kidogo, kutazama video na kuwasiliana, mimi nasema Samsung Galaxy Tab A9+ ya kuweka laini, yenye RAM ya 8GB na nafasi ya 128GB. Ilitoka Oktoba 2023, kwa hiyo wadogo zake wameshaingia sokoni. Ukikuta mdogo wake kwa bei inayokaribiana, chukua mdogo, mradi masharti ninayoyataja hapa chini yametimia.

Sisemi ndicho chenye kasi kuliko vyote. iPad inakipita kwa kasi, tena kwa mbali. Kinachokifanya kishinde ni kwamba hakikosi kitu chochote ambacho mtu wa Arusha anakihitaji kila siku, na washindani wake karibu wote wanakosa kimoja au viwili.

## Kabla ya kwenda mjini: kaa chini uandike kazi

Watu wengi hupanda kifodi hadi mjini, wanaingia duka la kwanza karibu na Mnara wa Saa, na winga ndiye anayewaamulia. Usifanye hivyo. Chukua karatasi, andika kazi tatu tu ambazo kifaa kitafanya kila wiki. Zikizidi tatu unajidanganya.

- Mwanafunzi na mwalimu: kusoma vitabu vya PDF, mitihani ya zamani ya NECTA, vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Hapa ukubwa wa kioo ndio kila kitu.
- Dereva na mwongoza watalii: ramani zisizohitaji mtandao, vitabu vya ndege, picha za wageni. Hapa ni GPS, betri na nafasi ya kuhifadhi.
- Mwenye duka: daftari la mauzo, WhatsApp ya biashara, picha za bidhaa. Laini na betri.
- Mzee nyumbani: mahubiri YouTube, simu za video na wajukuu walio nje. Spika na kioo. Kamera ya nyuma haina kazi yoyote kwake.
- Mtoto mdogo: nitamzungumzia mbele, maana yeye ana hesabu zake.

Kama kazi zako zote tatu simu yako inazifanya vizuri, acha kununua. Tia hela kwenye bando.

## Kinapowashinda wenzake

Kioo. Galaxy Tab A9+ ina kioo cha inchi 11. Ndugu yake A9, isiyo na alama ya kujumlisha, ina inchi 8.7. Kwa maneno tofauti ni ndogo, kwa macho ni kubwa. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ukiisimamisha A9+, upana wa kioo chake ni kama sentimita 15, sawa na karatasi ya A4 iliyokunjwa katikati: herufi zinapungua lakini zinasomeka. Kwenye A9 upana unashuka hadi sentimita 11 na kidogo, na mwanafunzi ataanza kuvuta ukurasa kwa vidole, kushoto kulia, kila mstari. Baada ya wiki mbili atakuwa haangalii tena kitabu, anaangalia TikTok. Wauzaji hupenda kukupa A9 wakisema "ni ile ile". Si ile ile. Soma jina lote kwenye boksi.

Memori kadi. A9+ ina tundu la kadi ya microSD. iPad haina na haijawahi kuwa nayo tangu ya kwanza ilipotoka mwaka 2010. Kwa mtu mwenye Wi-Fi ya nyumbani hilo si tatizo, anahifadhi vitu mtandaoni. Kwa anayenunua bando la siku, kadi ina maana anaweza kwenda kwa jamaa mwenye mtandao mzuri, akapakua masomo ya muhula mzima, akarudi nayo nyumbani.

Laini. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu A9+ inauzwa kwa aina mbili zinazofanana sura: ya Wi-Fi peke yake, na ya laini, ambayo boksi lake huandikwa 5G. Ya Wi-Fi ni rahisi kidogo. Unaweza kusema utatumia hotspoti ya simu, na ni kweli, lakini simu hiyo itakwisha chaji kabla ya saa sita mchana, na siku ukisafiri nayo, kishikwambi kinabaki nyumbani bila mtandao. Ongeza hela kidogo, chukua cha laini. Kumbuka pia laini mpya itasajiliwa kwa alama za vidole na namba yako ya NIDA, kwa hiyo usikubali muuzaji akupe "laini iliyokwisha kusajiliwa". Ukitaka kujua laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako, piga *106# kwenye simu yako.

GPS. Hili nawaambia hasa vijana wa utalii. iPad ya Wi-Fi haina GPS. Mjini utadhani inayo, kwa sababu inakisia mahali ulipo kwa kutumia mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu. Ukifika Tarangire, ile alama ya buluu inapotea na wewe unabaki kuwaeleza wageni. iPad ya laini inayo. Galaxy Tab A9+ inayo kwenye aina zote mbili.

Mafundi. Kioo kikivunjika, nani atakitengeneza? Fundi wa Arusha anaijua Samsung, na kioo chake akikikosa mjini anakiagiza Kariakoo. Kishikwambi chenye jina ambalo hujawahi kulisikia kikivunjika kioo, kimekwisha. Kabla ya kununua chochote, pita kwa fundi wako umuulize swali moja: "Kioo cha hiki unapata, na kwa siku ngapi?" Akicheka, badilisha mawazo.

Ina pia tundu la earphone za waya, ambalo iPad ya kizazi cha kumi ya mwaka 2022 haina. Spika ni nne. Mzee wako atasikia mahubiri bila kukibana sikioni.

## "Lakini kuna kile cha RAM 12 na 512GB kwa laki moja na nusu"

Najua. Kinakuja na kava la rangi, kalamu, earphone, kibodi ndogo na wakati mwingine saa. Sanduku zima la zawadi. Nikikiona huwa najiuliza: kama kifaa chenyewe ni kizuri hivyo, vikorombwezo vyote vile ni vya kuficha nini?

Namba hizo hutengenezwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni nusu ya ukweli: "RAM 12GB" huwa ni 4GB halisi na 8GB za kuazima kutoka kwenye hifadhi, ambazo ni za polepole mno. Hata kampuni kubwa hufanya hivyo, ila zile zenye adabu huandika kwa uwazi 4+8. Ya pili ni uongo mtupu: mfumo umechezewa ili ukurasa wa mipangilio uonyeshe 512GB, wakati ndani kuna 16 au 32. Utagundua siku picha zako zitakapoanza kuharibika zenyewe, maana kifaa kinaandika juu ya kilichokwisha kuandikwa.

Namna ya kukipima dukani, kabla ya kutoa hela:

1. Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti, nenda mipangilio, kisha sehemu ya kuhusu. Tafuta maneno ya Play Protect. Lazima kiseme kifaa kimethibitishwa. Kikisema hakijathibitishwa, rudisha mezani.
2. Pakua programu ya CPU-Z, ni ya bure. Itakuonyesha aina ya prosesa na RAM. Namba zikitofautiana na boksi, ondoka.
3. Angalia toleo la Android na tarehe ya sasisho la usalama. Kishikwambi "kipya" chenye sasisho la miaka mitatu nyuma kimeshazeeka kabla hujakizindua.
4. Kama ni cha laini, piga *#06# upate namba ya IMEI, au itafute kwenye mipangilio. Ilinganishe na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya TCRA. Utajibiwa chapa na modeli. Boksi likisema Samsung na jibu likisema kitu kingine, umeshajua.
5. Weka laini yako mwenyewe, fungua video, isubiri icheze dakika mbili tatu.

Muuzaji akikasirika kwamba unamchelewesha, hilo nalo ni jibu. Tangu TCRA ilipozima simu bandia Juni 2016, hakuna mfanyabiashara wa Arusha anayeweza kusema hajui habari ya IMEI.

Na usinielewe vibaya. Hakuna ubaya kununua kishikwambi cha bei ndogo kutoka kampuni inayojulikana, kinachosema ukweli kwamba kina 4GB na 64GB. Kwa katuni na kusoma kitabu kinatosha. Ninachokipinga ni kulipia namba ambazo hazimo.

## "Na iPad je?"

Kama una hela ya iPad mpya, una Wi-Fi nyumbani, unachora, unahariri video au unasoma PDF nyingi, nunua iPad bila kuniuliza. Kioo chake ni kipana zaidi kikisimama, kwa hiyo ukurasa wa A4 unaonekana mkubwa kuliko kwenye Samsung. Na Apple husasisha vifaa vyake kwa miaka mingi: iPad ya kizazi cha saba, ya mwaka 2019, ilipokea iPadOS 18 mwaka 2024. Kulikuwa na malalamiko ya muda mrefu kwamba haina WhatsApp yake. Hilo liliisha Mei 2025.

Shida ya Arusha si iPad mpya. Ni iPad za mitumba, zinazong'aa, kwa bei tamu. iPad 2, iPad 3 na iPad mini ya kwanza ziliishia iOS 9. iPad Air 2 na mini 4 ziliishia iPadOS 15. Ukinunua ya iOS 9 utapata saa ya ukutani yenye kioo cha kugusa, kwa sababu programu nyingi za leo hazikubali kuingia humo. Nenda mipangilio, kwa jumla, kuhusu, usome toleo. Usisikilize "ni mfumo tu, uta-update nyumbani". Kama ingewezekana angekuwa ameshafanya mwenyewe apandishe bei.

## Vilivyotumika: fanya hivi, kwa mpangilio huu

Kununua kilichotumika si dhambi, nusu ya mji unaishi hivyo. Ila kuna kufuli tatu ambazo fundi wa mtaani hazifungui, au anazifungua kwa siku mbili kisha zinajirudi.

Kufuli la akaunti: ya Google kwenye Android, ya Apple kwenye iPad. Kufuli la ofisi, pale kifaa kinaposema kinasimamiwa na shirika fulani. Na kufuli la mkopo, kwa vifaa vya lipa kidogo kidogo ambavyo mwenyewe aliacha kulipa. Hicho kitajizima mkononi mwako.

Kwa hiyo:

- Mwambie muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako, kwa nywila yake mwenyewe. Asiyeijua nywila ya kifaa chake, kifaa si chake.
- Kifutwe chote, kianze upya, ukiwa umesimama hapo.
- Kiunganishe na mtandao wakati wa kukianzisha. Kufuli nyingi huonekana hapo tu, na ndiyo maana mjanja atakuambia "ruka hiyo hatua ya Wi-Fi". Usiruke.
- Weka akaunti yako wewe. Ikikubali, sasa zungumza bei.
- Kichaji kwa dakika 15 huku ukitazama asilimia. Ikipanda na kushuka, tundu la chaji limechoka.

Onyo moja la ziada. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu nchi nzima. Ni mali ya serikali. Ukiletewa kimoja gizani kwa bei ya kutupa, unanunua kesi.

## Maswali ya haraka

Naweza kutumia M-Pesa kwenye kishikwambi? Kwa programu, ndiyo. Kwa kupiga *150\*00#, usitegemee: vishikwambi vingi vya laini vinachukua data na ujumbe mfupi lakini havipigi namba za namna hiyo, na iPad haipigi kabisa. Wakala asiache simu yake ya kitochi. Kama kupiga ni lazima kwako, jaribu dukani kwa laini yako.

WhatsApp moja kwenye simu na kishikwambi? Inawezekana, unaviunganisha kwa kuskani alama. Ila simu ikikaa zaidi ya siku 14 bila kutumika, kishikwambi kitakatwa.

Shemeji yuko Marekani, anataka kuniletea. Mshukuru, kisha muulize ni cha aina gani. Amazon Fire ni rahisi sana kule na ndiyo maana hununuliwa kwa zawadi, lakini hakiji na Play Store. Huawei vya tangu 2019 navyo haviji na huduma za Google. Na kifaa cha laini cha Marekani huenda kisishike masafa yote ya 4G yanayotumika hapa. Mwambie alete cha Wi-Fi kilicho wazi, au atume hela.

Nikinunue Nairobi? Namanga si mbali, na wengi hufanya hivyo. Kumbuka kwamba waranti ya duka la Nairobi utaidai Nairobi, na ukiongeza nauli na ushuru, nafuu huwa nyembamba.

Na mtoto wa darasa la pili? Usimpe cha kwako na usimnunulie cha 512GB za boksi. Kinachomtosha ni kidogo chenye kava nene la mpira, na programu ya Google ya Family Link kwenye simu yako ili ukizime saa mbili usiku. Bila hiyo, mtakuwa mnagombana kila jioni.

Nafanya kazi shambani, kila siku vumbi na mvua. Basi A9+ si yako. Tafuta Galaxy Tab Active5 ya mwaka 2024: haiingizi vumbi wala maji, na betri yake unaitoa na kuibadilisha mwenyewe. Ni ghali kwa kioo cha inchi 8, lakini kazi yake inaeleweka.

## Ukishakinunua

Vifaa vingi vinavyoletwa kwa fundi vimeuliwa na mambo yaliyofanyika mwezi wa kwanza.

Vumbi la Kwa Mrombo wakati wa kiangazi unalijua. Linaingia kwenye tundu la chaji, linajazana, na siku moja unasukuma waya kwa nguvu hadi ule ulimi wa ndani unavunjika. Toa vumbi kwa kijiti cha mbao, kifaa kikiwa kimezimwa. Si kwa pini.

Chaja nayo. A9+ inapokea wati 15, na mara nyingi haiji na kichwa cha chaja ndani ya boksi. Watu wanachukua kile cha simu ya zamani cha wati 5, kisha wanalalamika kwamba inachaji usiku kucha. Betri yake ni mAh 7,040. Kwa chaja dhaifu lazima ichukue usiku kucha. Nunua chaja nzuri siku hiyo hiyo. Power bank ya mAh 10,000 usitegemee iijaze zaidi ya mara moja, ila umeme ukikatika jioni moja inatosha. Umeme ukirudi kwa kuruka ruka, chomoa, subiri utulie.

Zima masasisho ya programu kwa data ya laini, uache yafanyike kwenye Wi-Fi tu. Bando la wiki limeshaliwa usiku mmoja kwa sababu ya hilo.

Na karatasi: dai risiti ya EFD, iandikwe jina kamili la kifaa na namba yake ya IMEI au ya utambulisho. Ipige picha ujitumie kwenye barua pepe, kwa sababu wino wa risiti hizo hufutika mapema kuliko waranti. Duka likikuambia risiti inaongeza bei, toka, vuka barabara, ingia linalofuata.